Voi Kati ya Vizuizi Viwili: Viza, Masomo na Miaka ya Korona

Viza ni kibali kinachomruhusu mgeni kufika mlangoni mwa nchi ya watu, wala si ahadi kwamba mlango huo utafunguliwa. Tofauti hiyo, ambayo kabla ya mwaka 2020 iliwashughulisha zaidi mawakili na maofisa wa uhamiaji, ndiyo iliyowatesa wanafunzi na wanazuoni wa Afrika Mashariki ugonjwa wa korona ulipoingia, na kwa watu wa Kaunti ya Taita Taveta mateso yalianza kabla ya kufika ubalozini, kwa kuwa yalianzia barabarani.

Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Machi 2020, ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa tarehe 25 mwezi huohuo, na mwanzoni mwa Aprili ikatolewa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Taita Taveta yenyewe haikufungwa. Hata hivyo Voi, mji ulio kwenye barabara kuu na reli zinazounganisha Nairobi na Mombasa, ulijikuta katikati ya vizuizi viwili, kimoja upande wa Athi River na kingine mpakani mwa Kwale, huku treni ya abiria ya SGR, reli ya kisasa, ikiwa imesimama. Mwombaji wa viza kwa kawaida hutakiwa kufika mwenyewe Nairobi kutoa alama za vidole au kuhojiwa, kwa hiyo mpaka marufuku ilipoondolewa tarehe 7 Julai, mtu wa Mwatate au Wundanyi, katika kaunti hiyo, mwenye barua ya kukubaliwa chuoni ng'ambo hakuweza hata kwenda kupanga foleni. Foleni yenyewe nayo ilikuwa ya shida, kwani Marekani, kwa mfano, ilikuwa imesitisha huduma za kawaida za viza duniani kote tangu tarehe 20 Machi.

Jambo hili liligusa masomo ambayo kaunti inayategemea. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina kituo cha umahiri cha Kenya na Ujerumani, CEMEREM, kinachofundisha uchimbaji madini, uhandisi wa mazingira na usimamizi wa rasilimali kwa kushirikiana na chuo cha HTW cha Dresden, na kilichofadhiliwa kupitia DAAD, shirika la Ujerumani linalosimamia ubadilishanaji wa wanafunzi na wanazuoni. Elimu ya madini ni ya kushika jiwe, kulipasua na kulipima maabara, na katika kaunti yenye vito na chuma cha Kishushe ni vigumu kudai kwamba picha kwenye kioo cha kompyuta inatosha. Lakini dai hilo ndilo lililogeuka sheria. Umoja wa Ulaya ulizuia safari zisizo za lazima Machi 2020, na Ujerumani ilipolegeza masharti Julai, iliwaruhusu wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao hayangeweza kufanyika yote wakiwa nje ya nchi. Maana yake ni kwamba chuo kilichojitahidi kuhamishia masomo yote kwenye intaneti kilimnyima mwanafunzi wake sababu ya kusafiri. Marekani ilikwenda mbali zaidi: tarehe 6 Julai ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote ni ya mtandaoni asingeruhusiwa kubaki nchini humo, vyuo vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na baada ya siku nane tu amri ikafutwa; hata hivyo, wanafunzi wapya wa masomo ya mtandaoni matupu waliendelea kuzuiwa.

China ilifunga mlango karibu kabisa. Kuanzia tarehe 28 Machi 2020 ilisimamisha viza na vibali vya ukaazi vilivyokwisha kutolewa, na wengi wa wanafunzi wa kigeni waliokuwa wamerudi makwao wakangoja hadi Agosti 2022. Kwa waliosoma mtandaoni wakiwa nyumbani, somo la saa mbili asubuhi kwa saa za Beijing ni saa tisa usiku kwa saa za Voi.

Uingereza ilitumia bei. Kenya iliwekwa kwenye orodha nyekundu, ya nchi zilizowekewa vikwazo vikali vya safari, tarehe 9 Aprili 2021, na mwanafunzi mwenye viza halali aliruhusiwa kuingia iwapo angelipia pauni 1,750 kwa siku kumi za karantini hotelini, yaani zaidi ya shilingi 250,000 za Kenya, juu ya karo na nauli. Ajabu ni kwamba Uingereza hiyohiyo iliipa Kenya dozi 817,000 za chanjo ya AstraZeneca, ilhali cheti cha mtu aliyechanjwa Kenya hakikutambuliwa London hadi Oktoba.

Upande wa pili wa safari, wa watafiti wa kigeni wanaokuja Taita, husahaulika. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na vilima vya Taita, pamoja na mabaki ya misitu kama Ngangao, ni maabara ambayo haihamishiki kwenda Ufini. Mvua hunyesha kwa majira yake, na msimu usiopimwa haurudi kupimwa.

Lakini mfano mkali kuliko yote uko Taveta, mji wa kaunti hiyo ulio mpakani na Tanzania. Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania, na kutoka Taveta kupitia kituo cha mpakani cha Holili hadi mji wa Moshi ni kilomita zisizofika 50. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka huo kwa watu na magari ya abiria, ikaacha malori ya mizigo yapite madereva wakishapimwa. Tarehe 1 Juni Tanzania ikafungua vyuo vyake, amri ya Kenya ikiwa ingali na nguvu. Mwanafunzi wa Taveta anayesoma Moshi, asiyedaiwa viza, aliitwa darasani kupitia mpaka ambao siku hiyo ulipitisha saruji na mahindi tu.