Rimu za Kiwandani kwa Gari la Spoti Lililotumika: Inchi 15, 16 au 17?

Toyota Altezza iliuzwa nchini Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Magari hayo sasa yana umri wa miaka ishirini na zaidi, na bado yanapendwa na vijana wa Kahama, Shinyanga na Geita. Ilitoka kiwandani na magurudumu ya saizi tatu kulingana na toleo: tairi la 195/65R15, la 205/55R16 na la 215/45R17. Kwa sababu hiyo mnunuzi hukuta magari mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa miguu, au huuziwa rimu kubwa zaidi kwa maelezo kwamba ndizo "original". Huenda ni kweli. Hata hivyo, kuwa za kiwandani si lazima ziwe zinazofaa barabara anayoipita kila siku.

Tuanze na namba zenyewe. Katika 205/55R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, yaani asilimia 55 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mlaji akipiga hesabu ataona kwamba tairi la inchi 15 lina ubavu wa milimita 127 hivi, la inchi 16 milimita 113, na la inchi 17 milimita 97 tu. Kimo cha gurudumu zima ni karibu sawa: milimita 634, 632 na 625. Kwa hiyo rimu ya inchi 17 hailiinui gari, kama wengi wanavyodhani. Inachofanya ni kupunguza mpira na kuongeza chuma. Ule mpira uliopungua ndio uliokuwa ukipokea kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye rimu, shokapu na bushi.

Katika barabara ya lami ya Shinyanga hadi Mwanza tofauti hiyo haisumbui sana, na dereva wa inchi 17 hufurahia jinsi gari linavyotii usukani katika kona. Hali hubadilika lami inapoisha. Njia za changarawe zinazoelekea kwenye machimbo madogo ya Geita zina mawe yenye ncha na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Hapo tairi lenye ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika, na ubavu hutoa uvimbe mfano wa yai. Tairi la namna hiyo halizibwi kama pancha, hutupwa. Wapo wanaopunguza upepo ili gari liwe laini. Kwa tairi la ubavu mfupi hilo ni kosa kubwa, kwani upepo mdogo ndio unaoiacha rimu bila kinga. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na saizi ya tairi iliyokusudiwa.

Kwa mlaji anayepita changarawe kila wiki, ushauri wetu ni inchi 16, na inchi 15 kama breki za gari lake zinairuhusu. Saizi ya 195/65R15 ina faida nyingine isiyoonekana dukani: hutumiwa pia na baadhi ya Toyota Premio na Allion, hivyo tairi la kubadilisha ni rahisi kulipata hata katika mji mdogo. Lakini matoleo yenye diski kubwa za breki huweza kuikataa rimu ya inchi 15. Ifungwe, kisha izungushwe kwa mkono kabla ya malipo. Ikigusa kalipa, iachwe.

Kuhusu mitindo, tunafahamu kwamba gari hununuliwa pia kwa macho, na hatuoni ubaya. Ila udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga hunata ndani ya rimu, hukauka, na usukani huanza kutetemeka kana kwamba balansi imeharibika. Rimu yenye mikono michache na nafasi pana huoshwa kwa urahisi kuliko yenye mikono mingi myembamba. Rimu ya chuma ikipinda huweza kunyooshwa. Ya aloi aghalabu hupasuka. Iliyopasuka na kuchomelewa isinunuliwe kwa bei yoyote.

Unaponunua rimu zilizotumika, ziangaliwe upande wa ndani, ambako rangi mpya haifiki kwa kawaida. Hapo hupatikana saizi, na kwa rimu nyingi za Japani herufi JWL, alama ya kiwango cha nchi hiyo kwa rimu za aloi. Altezza hutumia nati tano zenye mpangilio wa milimita 114.3, Subaru Impreza nyingi za miaka hiyo hutumia 100, na rimu zake hazibadilishani na za Altezza. Nati nazo zilingane na rimu, kwani nyingine zina washa bapa na nyingine zina ncha ya koni. Nati isiyolingana hulegea njiani. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairi lisomwe tarehe pia: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 1419, humaanisha wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Risiti ya EFD iombwe, na muuzaji aandike saizi na kama rimu ni za kiwandani au la. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mwenye maandishi mkononi husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye kumbukumbu ya maneno ya dukani.