ELIMU KABLA YA UPASUAJI WA GOTI: NAFASI YA LUGHA KATIKA KUPONA KWA MGONJWA

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hii inabeba mtazamo wa jadi kuhusu uuguzaji: anayeumwa hana nguvu za kuamua, kwa hivyo wenye afya humtendea lililo jema bila ya kusubiri aombe. Katika maradhi mengi hekima hii ingali na mashiko. Hata hivyo, yapo matibabu ambayo mgonjwa asipoulizwa, asipoelezwa na asipoandaliwa, kazi ya daktari hodari huweza kupotea bure. Upasuaji wa kubadilisha goti ni mojawapo. Daktari hukamilisha sehemu yake kwa saa chache. Sehemu inayobaki huchukua miezi, na hufanywa na mgonjwa mwenyewe kwa kukunja, kunyoosha na kutembea huku akiumwa.

Makala haya yanakusudia kufafanua elimu anayostahili kupewa mgonjwa kabla ya upasuaji huo, na kuonyesha kwamba mafanikio yake yanategemea lugha sawa na yanavyotegemea utabibu. Hoja kuu ni kuwa kumpa mgonjwa habari si sawa na kumwelimisha. Habari hutolewa na kuishia hapo. Elimu hukamilika pale tu mpokeaji anapoweza kuieleza kwa maneno yake na kuitekeleza.

Goti na Upasuaji Wake

Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, huku kilegesambwa kikiwa mbele. Ncha za mifupa hii zimefunikwa na gegedu, yaani utando laini na wenye utelezi unaozuia mfupa kusuguana na mfupa. Gegedu hilo huweza kuliwa kutokana na umri, uzito wa mwili, jeraha la zamani au maradhi ya baridi yabisi. Likiisha, mifupa husagana, goti huvimba na kukakamaa, na hatimaye mtu hushindwa kupanda ngazi au hata kulala usiku kwa maumivu.

Tiba ya kwanza si kisu. Mgonjwa huanza kwa mazoezi, kupunguza uzito na dawa za maumivu. Hatua hizi zinaposhindwa ndipo upasuaji hufikiriwa. Daktari huondoa sehemu nyembamba iliyoharibika kwenye ncha za mifupa, kisha huzivika ncha hizo vipande vya chuma na kuweka plastiki ngumu katikati ili zipate kuteleza. Umbo la goti bandia linalotumika leo limetokana kwa kiasi kikubwa na lile lililoanza kutumiwa mjini New York mwaka wa 1974. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa takribani asilimia 82 ya magoti kamili ya bandia hudumu kwa miaka 25.

Licha ya ufanisi huo, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti lake jipya. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni tofauti iliyopo baina ya alichotarajia na alichopata. Aliyedhani kuwa ataamka bila maumivu hukata tamaa juma la kwanza, na anayekata tamaa huacha mazoezi.

Yanayopaswa Kufundishwa

Elimu hii hugawanyika katika sehemu tatu. Ya kwanza inahusu maandalizi ya mwili. Mgonjwa huelekezwa kuimarisha msuli wa mbele wa paja, kuacha sigara, kudhibiti sukari mwilini, na kutibiwa meno mabovu au vidonda vya ngozi, kwa kuwa viini vya maradhi huweza kusafiri katika damu hadi kwenye goti jipya. Hutakiwa pia kutaja dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Hapa methali isemayo kuwa mficha maradhi kifo humuumbua ina uzito wa pekee, kwani baadhi ya dawa huzuia damu kuganda na huweza kusababisha mgonjwa avuje damu nyingi.

Sehemu ya pili inahusu maandalizi ya nyumba. Mikeka na mazulia yanayoweza kumkwaza huondolewa, kiti kirefu chenye mikono hutafutwa, na kitanda kilicho chini sana huinuliwa. Nchini Kenya suala la choo halina budi kuzungumziwa waziwazi. Aliyebadilishwa goti huona vigumu kuchuchumaa, hivyo nyumba yenye choo cha shimo huhitaji kiti maalumu juu ya tundu. Hali kadhalika, anayepiga magoti kanisani au anayesujudu msikitini anastahili kujua mapema kwamba huenda akalazimika kusali akiwa kitini. Mtu akigundua jambo hili baada ya kupasuliwa, huhisi kuwa amedanganywa.

Sehemu ya tatu inahusu yatakayofuata upasuaji. Mgonjwa huelezwa kuwa maumivu na uvimbe ni mambo ya kawaida, kwamba atasimamishwa siku hiyo hiyo au siku itakayofuata, na kwamba nafuu kubwa huonekana katika miezi mitatu ya kwanza na kuendelea hata hadi mwaka mzima. Aidha, hufundishwa dalili za hatari: kidonda kinachotoa usaha, homa, ndama ya mguu inayouma na kuvimba ghafla, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Dalili hizi huashiria maambukizi au damu iliyoganda mishipani, na hazingoji tarehe ya kliniki.

Je, Elimu Hii Ina Manufaa?

Swali hili limewashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Mwaka wa 1964, Lawrence Egbert na wenzake katika hospitali ya Massachusetts General nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Nusu ya wagonjwa hao walielezwa mapema jinsi maumivu yatakavyokuwa na jinsi ya kuyapunguza kwa kupumua na kujigeuza. Hao walihitaji takribani nusu tu ya dawa kali za maumivu zilizohitajiwa na wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi.

Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mwaka wa 2014 uliwatahadharisha wenye matumaini makubwa. Ulikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wagonjwa 1,463 wa nyonga na goti, na haukupata ushahidi thabiti kwamba elimu hii hupunguza wasiwasi, maumivu au matatizo ya baadaye kuliko huduma ya kawaida. Ni majaribio matatu tu yaliyowahusu wagonjwa wa goti pekee, na mawili yaliwachanganya na wale wa nyonga. Licha ya hayo, mwongozo wa taasisi ya NICE nchini Uingereza wa mwaka wa 2020 umependekeza kwamba mgonjwa apewe maelezo na ushauri wa kujiandaa kabla ya upasuaji.

Matokeo haya hayapaswi kufasiriwa kuwa elimu haina maana. Yanachoonyesha ni kwamba kijitabu au mhadhara hauponyi kwa kuwa umetolewa tu. Kati ya kinywa cha muuguzi na sikio la mgonjwa pana nafasi ambamo maana huweza kupotea, na nafasi hiyo ndiyo uwanja wa mwanaisimu.

Mitego ya Lugha

Mtego wa kwanza ni wa msamiati. Neno "kiungo" humaanisha pale mifupa inapokutana, lakini pia humaanisha sehemu yoyote ya mwili, kama mkono au mguu. Mgonjwa anayeambiwa kuwa kiungo chake kitabadilishwa huweza kuelewa kwamba ni mguu mzima. Hofu hiyo huongezeka daktari asemapo kuwa "tutakata mfupa", kwa kuwa kukatwa mguu ni jambo linalofahamika na kuogopwa na wengi. Neno "bandia" nalo limebeba mzigo. Katika istilahi ni kitu kilichoundwa kuchukua nafasi ya kile cha asili. Mtaani, noti bandia na dawa bandia ni vitu vya kitapeli. Kauli kama "tutazivika ncha za mifupa chuma laini, na mguu wako utabaki wako" huondoa hofu zote mbili.

Mtego wa pili ni wa saa. Mgonjwa hukatazwa kula kabla ya kutiwa nusukaputi ili chakula kisimpalie. Mfasiri anayefuata tarakimu za Kiingereza anapotaka kutaja usiku wa manane huweza kuandika "saa kumi na mbili" badala ya "saa sita usiku". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa ni alfajiri au magharibi. Akielewa alfajiri, atakunywa uji saa kumi na moja na upasuaji utaahirishwa. Akielewa magharibi, atashinda njaa bila sababu. Vilevile, miongozo ya nchi nyingi huruhusu maji matupu hadi muda wa saa mbili kabla ya upasuaji. Kauli hiyo ikigeuzwa kuwa "kabla ya saa mbili", maana yake inakuwa tofauti kabisa.

Mtego wa tatu ni wa adabu. Mzee wa Kiafrika akiulizwa na daktari, "Umeelewa?", hujibu "Ndiyo, daktari" kwa sababu kukana ni kama kumvunjia mwenzake heshima au kujidhalilisha. Jibu hilo ni la adabu, wala si ushahidi wa kuelewa. Wataalamu wa mawasiliano ya afya hupendekeza mgonjwa aombwe arudie maelezo kwa maneno yake. Mfano ufuatao wa kubuni unaonyesha namna hilo linavyoweza kufanyika bila kumtahayarisha mgonjwa:

Muuguzi: Mama, nimesema mengi leo, na huenda sikuyasema vizuri. Binti yako akikuuliza utafanya nini siku ya kwanza baada ya kupasuliwa, utamwambiaje?

Mgonjwa: Nitamwambia nitalala tu, mguu usiguswe mpaka kidonda kikauke.

Muuguzi: Ahsante kwa kunieleza, mama. Hapo mimi ndiye niliyekosea. Siku hiyo hiyo au kesho yake tutakusaidia usimame, utembee hatua chache ukishikilia fremu. Mguu ukilala sana, goti hukakamaa na damu huweza kuganda. Sasa utamwambiaje?

Mgonjwa: Kwamba mtaniinua nitembee, hata kama linauma.

Muuguzi: Na likiuma sana?

Mgonjwa: Nitawaita mnipe dawa kwanza, kisha nitembee.

Inadhihirika kuwa muuguzi amejitwika lawama ya kutoeleweka, na kwa njia hiyo mgonjwa amepata nafasi ya kufichua dhana potovu aliyokuwa nayo. Lau angeulizwa tu kama ameelewa, angeitikia na kwenda nayo hadi wodini.

Sheria na Wajibu wa Wanakiswahili

Suala hili si la hisani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, manufaa na hatari za matibabu, gharama, na haki yake ya kukataa. Inaongeza kwamba pale inapowezekana, maelezo hayo yatolewe katika lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika. Kwa hivyo saini iliyotiwa kwenye fomu ya idhini ambayo mtu hakuielewa ni alama ya wino tu.

Wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unajitokeza hapa katika njia tatu. Kwanza, wanaweza kutafsiri fomu na vijitabu vya upasuaji wakishirikiana na madaktari wa mifupa, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, kisha kuvijaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuvichapisha. Pili, wanaweza kukusanya maneno ambayo wagonjwa huyatumia kuelezea maumivu, kwani goti linaloweza "kuwaka", "kudunda" au "kufa ganzi" humpa daktari habari tatu tofauti. Tatu, wanaweza kuandaa maelezo ya kusikilizwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ikumbukwe pia kwamba kwa wazee wengi wa mashambani Kiswahili si lugha ya kwanza. Kiswahili sanifu cha darasani huweza kuwa kigeni kwao sawa na Kiingereza. Lugha nyepesi, na mkalimani panapohitajika, ni sehemu ya tiba.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa kupona baada ya kubadilishwa goti huanza kabla ya kisu, na kwamba elimu inayoandaa kupona huko haifaulu ikiwa haikueleweka. Tafiti zimeonyesha kuwa habari peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni mazungumzo ambamo mgonjwa huulizwa anachohofia, nyumba yake ilivyo, namna anavyosali na anachotarajia kufanya kwa goti lake. Uji anaweza kupewa bila kuulizwa, lakini mazoezi ya miezi mitatu hakuna awezaye kumfanyia.