Mikono Inaposhika Kazi ya Meno: Cherehani ya Mifarishi katika Mazingira ya Kakontwe

Mfarishi ni funiko la kitandani lenye matabaka matatu, yaani kitambaa cha juu ambacho mara nyingi huundwa kwa viraka vilivyounganishwa, pamba au nyuzi za poliesta katikati, na kitambaa cha chini, yote yakiwa yameshikamanishwa kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini. Cherehani ya kushonea mifarishi kwa kuketi ni mashine iliyowekwa ndani ya meza, yenye mkono mrefu kuliko wa cherehani ya kawaida, ambayo fundi huiendesha huku akikisogeza kitambaa kwa mikono kuelekea upande wowote anaoutaka. Ipo aina nyingine, ambayo mashine yenyewe husafiri juu ya reli na mfarishi hutandazwa kwenye fremu ya mita kadhaa, lakini hiyo hudai chumba kizima na haitajadiliwa hapa. Anayechagua cherehani ya kuketi hununua hasa nafasi iliyo chini ya mkono wake na utii wa mota yake, wala si kasi. Na sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa inaweza kupatikana kabla haijanunuliwa, kwa kutumia cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyozoeleka tangu zamani katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kakontwe, katika mji wa Likasi huko Katanga, hufahamika zaidi kwa mawe yake ya chokaa, ambayo huchimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa inayotumika katika usafishaji wa shaba na kobalti, na wanajiolojia wamelipa jina la mahali hapo kundi zima la miamba iliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Lakini Likasi iko pia kwenye mwinuko wa takriban mita 1300 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya kiangazi, hasa Juni na Julai, usiku huwa na baridi ambayo mgeni aliyezoea kuifikiria Kongo kuwa nchi ya joto tupu huishangaa. Kwa hiyo funiko nene si pambo tu.

Kinachomkinga mtu aliyejifunika mfarishi ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi za pamba zaidi kuliko pamba yenyewe, kwa sababu hewa isiyosogea hupitisha joto kidogo sana, ilhali nyuzi zenyewe, kama zingebanwa hadi hewa yote itoke, zingepitisha joto kwa wepesi zaidi. Kila mstari wa mshono huyakandamiza matabaka na kuitoa hewa hiyo mahali unapopita. Mfarishi ulioshonwa kwa mistari iliyosongamana sana huwa bapa na mgumu, na joto lake hupungua. Ulioshonwa kwa mistari iliyo mbalimbali mno huwa laini na wa joto, lakini pamba yake hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara chache. Michoro ya mishono, ambayo watazamaji wengi huiona kuwa urembo, ni uamuzi kuhusu joto na uimara pia, na ndiyo maana fundi huhitaji uhuru wa kuichora apendavyo.

Ushonaji si jambo jipya katika mji wa Likasi, uliojulikana kwa jina la Jadotville katika zama za ukoloni, kwani kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona na kufuma katika vituo vya kijamii vya makambi yake. Wala mfarishi si mali ya Ulaya na Marekani pekee: Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona kwa mkono mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu, wakianzia ukingoni na kuelekea katikati.

Mashine zote zinazozungumziwa hapa hushona mshono wa kufungana, unaotumia nyuzi mbili, mmoja ukipitia tundu la sindano na mwingine ukitoka kwenye bobini iliyo chini. Sindano ikishuka hadi mwisho na kuanza kupanda, msuguano wa kitambaa huuzuia uzi kupanda nayo, hivyo uzi hujikunja na kufanya kitanzi kidogo nyuma ya sindano. Ndoana inayozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini, kisha wenzo wa kuvuta uzi huyakaza maungano ya nyuzi hizo, nayo yakikazwa sawasawa hujificha ndani ya unene wa kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mashine yenye mshono wa namna hii nchini Marekani mwaka 1846, naye Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851, lakini jambo linalohusika zaidi na mfarishi lilibuniwa na Allen Wilson, ambaye hakumbukwi kama anavyostahili: meno madogo yaliyo chini ya sindano, ambayo hupanda, husukuma kitambaa, hushuka na kurudi yalikotoka.

Meno hayo ndiyo yanayopima urefu wa kila mshono katika cherehani ya kawaida, na ndiyo yasiyokuwepo katika cherehani nyingi za mifarishi za kuketi, kwa sababu hukisogeza kitambaa mbele au nyuma tu. Yakiondolewa, urefu wa mshono hubaki kuwa mwendo wa mkono uliogawanywa kwa idadi ya mishono. Mashine ikishona mishono 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, na mikono ikikisogeza kitambaa milimita 25 kwa sekunde, kila mshono utakuwa na urefu wa milimita 2.5, ambao unafaa kwa mifarishi mingi. Mikono ikiharakisha hadi milimita 50 kwa sekunde bila mguu kuongeza kasi ya mota, mishono itafikia milimita 5 na kuanza kunasa kwenye vidole na kucha. Mwanafunzi mwoga huipunguza kasi ya mashine akidhani anajilinda, huku mikono yake ikiendelea kwenda kwa haraka ileile, na hapo ndipo mishono hurefuka na sindano kuvunjika.

Sindano huvunjika kwa sababu kitambaa huendelea kuvutwa ilhali yenyewe imezama ndani yake, ikapinda na kugonga chuma kilicho chini. Hata isipovunjika, kupinda kidogo tu huiweka mbali na ndoana, kitanzi kikakosa kudakwa na mshono ukarukwa. Namba iliyoandikwa kwenye sindano ni kipenyo chake katika sehemu za mia za milimita, kwa hiyo sindano namba 90 ina milimita 0.9, na ukakamavu wa kijiti cha chuma huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Maana yake ni kwamba sindano namba 100 hustahimili kupindwa karibu mara mbili na nusu kuliko namba 80, ingawa tofauti yao kwa macho ni ndogo mno. Kwa kitenge, ambacho nyuzi zake zimesukwa kwa kusongamana, pamoja na pamba chini yake, namba 90 au 100 ni chaguo la busara, hata kama tundu litakalobaki ni kubwa kidogo.

Katika kuchagua mashine, kipimo cha kwanza ni umbali kutoka sindano hadi nguzo ya mkono. Cherehani ya nyumbani huwa na sentimita 15 hadi 20 hivi, na mfarishi wa mita mbili uliokunjwa hauwezi kupita hapo bila kubanwa, ilhali mashine za kuketi huwa na sentimita 40 hadi 50. Meza nayo lazima iwe sawa na kitako cha mashine, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia huvuta kwa uzito wake na kuiharibu hesabu ya mikono. Kifaa cha kudhibiti mshono, ambacho husoma mwendo wa kitambaa kwa vihisio na kubadili kasi ya mota kwa kadiri yake, kinasaidia kweli, lakini huongeza bei na sehemu za kielektroniki ambazo fundi wa Likasi hatazipata kwa urahisi zikiharibika.

Umeme unastahili kufikiriwa zaidi kuliko mapambo ya kiwambo. Kongo hutumia volti 220 na hezi 50, ilhali mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120 na hezi 60, na ikichomekwa bila transfoma huungua, isipokuwa kibandiko chake kieleze kwamba hupokea volti 100 hadi 240. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, yaliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1930 na 1950, yalijengwa kwa ajili ya migodi kwanza, na hata leo mitaa hupata umeme unaokatika na wenye volti zinazoyumba, hivyo kidhibiti volti ni sehemu ya bei ya mashine.

Vumbi nalo lina sayansi yake. Chembe za jiwe la chokaa ni laini kuliko chuma cha ndoana na haziwezi kukikwaruza kwa urahisi, lakini zikichanganyika na mafuta na manyoya ya pamba hufanya uji mzito unaoizuia ndoana kuzunguka. Vumbi la barabarani lenye chembe za mchanga mgumu ndilo linalokwaruza. Kwa sababu hiyo mashine hufunikwa kila kazi inapoisha, na husafishwa kwa brashi badala ya kupulizwa, kwani kupuliza huupeleka uchafu ndani zaidi.

Anayejifunza anaweza kuanza kwenye cherehani ya kukanyaga, akiyashusha meno au kuyafunika kwa kibati, na kuuweka mguu wa kutarizia, ambao hukibana kitambaa sindano inapochomoka na kukiachia inapokuwa juu. Miguu yake tayari inajua kushika mwendo usiobadilika. Mikono ndiyo inayohitaji kufundishwa, na hufundishwa kwa vipande vidogo vya matabaka matatu vilivyopigwa bandi, kwanza kwa mistari ya mawimbi, kisha kwa vitanzi na majani, na hatimaye kwa kuandika majina. Kila kipande hugeuzwa na kutazamwa upande wa chini. Uzi uliovurugika kwa wingi huko chini kwa kawaida husababishwa na uzi wa juu usiokazwa au uliopitishwa vibaya, na bobini haina kosa. Vitanzi vidogo vinavyojitokeza kwenye kona pekee, ilhali mistari iliyonyooka ni safi, vina chanzo tofauti: mikono ilikata kona kwa haraka kuliko sindano, na dawa yake ni kuipunguza mikono mwendo mahali hapo bila kugusa skrubu yoyote.