Chipsi moto kwenye boksi la povu: Jihadhari

UMETOKA kazini jioni, njaa inakuuma, ukapitia kibanda cha chipsi. Muuzaji anaziopoa kwenye mafuta yanayochemka, anazimimina ndani ya boksi jeupe, jepesi kama unyoya, na kukukabidhi. Ukifika nyumbani unakuta boksi limekunjamana na kutoboka chini. Je, umewahi kujiuliza ile sehemu iliyoyeyuka imekwenda wapi?

Boksi hilo ni plastiki iitwayo polistairini. Hutengenezwa kwa stairini, kemikali ya majimaji inayotokana na mafuta ya petroli. Viwandani, chembechembe za stairini huunganishwa hadi zikawa plastiki ngumu.

Ili kupata povu, punje za plastiki hiyo hutiwa gesi, kisha hupigwa mvuke. Huvimba kama bisi, hata mara 40, na kushikamana ndani ya kalibu. Mabokisi ya chakula hutofautiana kidogo: plastiki huyeyushwa, huchanganywa na gesi na kutandazwa kama karatasi nene kabla ya kufinyangwa.

Sehemu kubwa ya povu hilo ni hewa tu. Ndiyo sababu huhifadhi baridi ya samaki na kukinga televisheni mpya isivunjike. Kwa kazi hizo halina lawama.

Taabu huanza linapokutana na joto na mafuta. Si stairini yote iliyogeuka plastiki. Kiasi kidogo hubaki ndani. Chakula baridi na kikavu hakiivuti sana, lakini chakula moto chenye mafuta huivuta. Polistairini hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100, ilhali mafuta ya kukaangia chipsi hufika 170 na zaidi.

Mwaka 2018, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka stairini katika orodha ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mwingi ulihusu wafanyakazi wa viwandani waliovuta hewa yenye kemikali hiyo kwa wingi. Kwa hivyo usishikwe na hofu. Mlo mmoja hautakuua. Lakini kwa nini ujizoeshe kula kitu usichokihitaji, na kuwalisha watoto?

Hatari nyingine ni moshi. Wako wanaowasha jiko la makaa kwa vipande vya povu. Moshi wake mweusi una masizi na gesi ya kaboni monoksaidi, inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa. Mwenye pumu huumia upesi zaidi.

Ufanye nini basi?

• Beba bakuli lako lenye kifuniko unapokwenda kununua chakula.

• Ukikosa, mwambie muuzaji achuje mafuta na kuacha chipsi zipoe kidogo, kisha azitie kwenye mfuko safi wa kaki. Usikimbilie gazeti, hata hili unalosoma. Wino si kitoweo.

• Usipashe chakula kikiwa ndani ya boksi la povu.

• Usinywe chai moto kwa kikombe cha povu kila siku. Kikombe cha udongo kinatosha.

• Usichome povu, wala usilitumie kuwashia jiko.

Bakuli la nyumbani halikugharimu chochote zaidi ya kulikumbuka asubuhi.