Minimoog na kabati la nyaya

Mwaka 1970 kiwanda cha sintesaiza cha Robert Moog kule Trumansburg, mji mdogo wa jimbo la New York, kilikuwa kimebanwa kifedha. Mhandisi wake Bill Hemsath akaokota moduli zilizokuwa zimewekwa kando, akatafuta kinanda akakikata kiwe kifupi, akavifunga vyote kwenye sanduku moja. Mzao wa sanduku hilo ni Minimoog, na kufikia mwaka 1981 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 12,000.

Anayetaka kujua anunue sintesaiza ya moduli au analogi ya kawaida aanze na kazi ya Hemsath, kwa sababu ndani ya masanduku hayo mawili vifaa ni vilevile. Osileta huzalisha wimbi, kichujio hupunguza baadhi ya masafa, kikuza sauti huamua mlio uingie na kutoka vipi. Katika makabati ya moduli ambayo Moog alianza kuyajenga mwaka 1964, akishauriana na mtunzi Herbert Deutsch, hakuna moduli iliyoijua mwenzake mpaka mtu achomeke waya. Hemsath alizichomeka mapema, akaziba. Wanamuziki wengi walikuwa wakifuata njia moja: osileta, kichujio, kikuza. Basi kwa nini wahangaike kila usiku jukwaani gizani?

Kinachopotea ni hiki. Kwenye kabati, umeme unaobeba sauti na umeme unaotoa amri ni kitu kimoja. Ongeza volti moja, noti inapanda oktava nzima. Kwa hiyo osileta ya pili inaweza kuitikisa ya kwanza, mlio ukageuka kengele au bati linalogongwa, na hicho kinachotikisa nacho kikatikiswa na kingine. Minimoog inakupa sehemu tu ya mchezo huo, ile ambayo mbunifu wake aliikumbuka.

Don Buchla, mtengenezaji mwingine wa sintesaiza kule California, asingeyakubali mabadilishano hayo hata kidogo. Mashine zake za miaka ya 1960 zilikuwa na vibao vya kugusa badala ya kinanda cha piano, maana kinanda humrudisha mtu kwenye nyimbo anazozijua. Mtunzi Morton Subotnick alitumia mashine ya Buchla kutengeneza albamu ya “Silver Apples of the Moon” mwaka 1967, na huo si muziki wa kuupiga mluzi ukienda sokoni.

Lakini uhuru wa kuchomeka nyaya utakavyo una gharama, na pesa siyo iliyo kubwa kuliko zote. Mwanamuziki Wendy Carlos alipotengeneza “Switched-On Bach” ya mwaka 1968 kwa moduli za Moog, alirekodi mstari mmoja mmoja wa noti, akiupandanisha juu ya mwingine kwenye mkanda, huku mashine ikipoteza ulinganifu wa sauti njiani. Albamu ilishinda tuzo tatu za Grammy. Subira yake, kwa maoni yangu, ilistahili ya nne.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Sintesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilihifadhi milio na kuirudisha kwa kubonyeza kitufe, tena ikipiga noti tano kwa pamoja. Kabati la moduli halikumbuki chochote. Ukichomoa nyaya mlio umekwenda, na hata ukipiga picha ya kila waya, vifundo vikihama kidogo tu unapata ndugu wa mlio ule, si wenyewe. Mpiga kinanda wa bendi ya harusini ambaye wimbo wa pili lazima uanze mara tu wa kwanza unapoisha hana haja ya kushauriwa zaidi.

Bei nayo ina hila zake. Mfumo wa moduli ndogo ambao mtengenezaji Dieter Doepfer aliuanzisha Ujerumani katikati ya miaka ya 1990 umewezesha watu kununua moduli moja moja, nafuu kwa mtazamo wa kwanza. Ila sanduku na umeme wake unavilipia kabla ya kusikia chochote, na orodha ya moduli zinazokosekana haina mwisho.

Mimi ningechagua njia ya sintesaiza ya ARP 2600 ya mwaka 1971: ndani imeunganishwa tayari, inalia bila waya hata mmoja, lakini ukichomeka waya unaivunja njia ya kiwandani na kuweka yako. Mashine za namna hiyo zinauzwa tena leo, ndogo na za bei ya wastani. Mtu akae na moja kwa muda. Akiona matundu ya kuchomekea nyaya yanamwishia, aende kwenye kabati. Akiona nyaya zimebaki kwenye droo, Minimoog ndiyo yake.