Mrejesho: Kigezo cha Kuainisha Mifumo ya Udhibiti

Uainishaji wowote husimama juu ya kigezo. Katika uhandisi, mifumo ya udhibiti huainishwa kwanza kwa swali moja: je, tokeo la mfumo hupimwa na kurejeshwa ili kurekebisha utendaji wake?

Taa za kuongozea magari zinazobadilika kwa muda uliopangwa hazijui kama njia ina magari mia au haina hata moja. Huo ni mfumo usio na mrejesho. Tangi la maji lenye boya ni kinyume chake: maji yakipanda, boya hupanda na kufunga vali, yakishuka, huifungua. Kidhibiti mwendo ambacho James Watt alikifunga katika injini ya mvuke mwaka 1788 kilifuata kanuni hiyohiyo: mwendo ukizidi, mvuke hupunguzwa.

Kigezo cha pili ni namna ya kurekebisha. Pasi ya umeme huwaka au huzimika tu. Boya hubana maji kidogo kidogo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Tukitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza, aina ya kwanza tutaiita “kitanzi wazi”. Lakini kitanzi kisichofungwa si kitanzi. Tena “wazi” humfanya mwanafunzi adhani kuwa mfumo huo hupokea taarifa za tokeo lake, ilhali ndio usiozipokea. “Mfumo usio na mrejesho” ni istilahi ndefu, ila hubeba kigezo chenyewe. Istilahi njema huanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa.