Unauza Moduli za Elektroniki? Andika Milimita Kwenye Posti

Wauzaji wa vifaa vya elektroniki mtandaoni, leo zamu yenu. Hasa nyie wa Mbezi Luis mnaotuma mizigo mikoani kwa basi pale Stendi ya Magufuli.

Mteja wako mkubwa ni mwanafunzi wa chuo mwenye projekti. Yuko Mbeya, kaona kwako ESP-12F bei poa kuliko NodeMCU, kalipia na nauli ya mzigo. Ikifika, haiingii kwenye bredibodi. Anakuja inbox kwa hasira: "Umeniuzia mbovu!" Wala si mbovu.

Shida ni nafasi kati ya mguu na mguu. Matundu ya bredibodi yameachana milimita 2.54. Miguu ya ESP-12F imeachana milimita 2. Unaweza kusema nusu milimita ni nini? Sasa piga hesabu: upande mmoja una miguu 8, yaani nafasi 7. Kwenye moduli hiyo ni milimita 14, bredibodi inataka 17.78. Huwezi kulazimisha. Halafu miguu yenyewe si ya kuchomeka, ni vipande bapa vya kulehemu pembeni. NodeMCU ni ghali kidogo kwa sababu ESP-12E, ndugu yake, ishalehemewa juu ya bodi yenye pini za 2.54.

Hapo ndipo biashara ilipo, boss. Chukua vibao vya adapta na pini zake, mpe fundi simu wa mtaani kwako alehemu, ijaribu kabla ya kufunga mzigo, uza kama seti. Wanafunzi wengi hawana pasi ya kulehemu, na aliyenayo anaogopa kuunguza.

Chipu nazo zina mtego wake: jina moja, maumbo mawili. Kwa Texas Instruments, NE555P ni ya kuchomeka, 2.54. NE555D ni ndogo ya kulehemu, 1.27. Herufi moja tu ya mwisho! Kampuni nyingine zina herufi zao, kwa hiyo usikariri, pima. Kuna adapta zenye 1.27 upande mmoja na 0.65 upande wa pili. Weka hizo stoo, mzigo mmoja unahudumia wateja wa aina mbili.

ESP-01 ndiyo inachekesha. Nafasi yake ni 2.54 sawasawa, inaingia vizuri kabisa, ila mistari yake miwili imebanana, bredibodi inaunganisha miguu inayotazamana. Hiyo muuzie mteja na waya za kuunganishia au adapta yake.

Piga picha kifaa kikiwa pembeni ya rula. Kisha posti iwe hivi:

"ESP-12F. Nafasi ya miguu milimita 2. Umeme volti 3.3, usiweke 5. HAIINGII kwenye bredibodi bila adapta. Iliyolehemewa tayari kwenye adapta ipo pia, tunatuma mikoani."